Marekani: pesa iko, mtandao uko, lakini mlango wa chama cha tatu haufunguki

Tarehe 4 mwezi wa saba 2025, siku Wamarekani wanasherehekea uhuru wao, Elon Musk aliuliza swali kwenye X, mtandao ambao ni mali yake mwenyewe: je, waunde chama kipya? Watu zaidi ya milioni 1,2 walibonyeza jibu, na karibu 65 kwa 100 kati yao walisema ndiyo. Kesho yake akatangaza kwamba chama kimezaliwa, jina lake America Party. Mtu tajiri kuliko wote duniani alikuwa amechoka na vyama viwili vinavyopokezana madaraka Marekani, na aliahidi kuvitikisa.

Mwezi wa nane magazeti ya Marekani yaliandika kwamba amekwisha kupunguza mwendo, kwamba anataka kuangalia kampuni zake kwanza. Mwezi wa 11 alionekana tena Ikulu ya Washington, kwenye chakula cha jioni cha Donald Trump, yule yule aliyegombana naye mbele ya dunia nzima miezi mitano tu kabla. Mwaka ukaisha bila America Party kusimamisha mgombea hata mmoja.

Kwa wakaaji wa mashariki mwa Kongo jina la Musk si geni. Starlink yake ilikatazwa nchini mwezi wa tatu 2024, halafu ikapewa ruhusa mwezi wa tano 2025. Na ndiye aliyeongoza ile kazi ya kukata matumizi ya serikali ya Marekani, DOGE, iliyoanza mapema kabisa na USAID. Shirika hilo lilifungwa rasmi tarehe 1 mwezi wa saba 2025, siku nne kabla ya chama chake kutangazwa. Aliyewahi kupokea bidoni ya mafuta yenye nembo ya mikono miwili inayosalimiana anajua ni pesa gani ilikatika.

Basi swali liko wazi. Mtu aliyeweza kusaidia kufunga shirika kubwa namna hiyo kwa miezi michache, juu ya nini alishindwa kufungua chama? Pesa haikukosekana: katika uchaguzi wa 2024 alitoa zaidi ya dola milioni 250 kumsaidia Trump na Republican. Sauti pia haikukosekana: alinunua Twitter mwaka 2022 kwa dola bilioni 44 na kuibadilisha jina. Jibu haliko kwa Musk peke yake. Liko katika namna kura zinavyohesabiwa Marekani, na wengi wamelipata kabla yake, tena kwa bei kali.

Milioni 19 za kura, na sifuri

Mwaka 1992 kulikuwa na mtu wa Texas, Ross Perot, aliyetajirika kwa kazi za kompyuta. Hakuwa na chama. Mwezi wa pili wa mwaka ule alikwenda kwenye kipindi cha televisheni cha Larry King na kusema kwamba kama watu wa majimbo yote 50 watamwandikisha, atagombea. Watu wakaanza kukusanya sahihi. Mwezi wa sita kura ya maoni ya Gallup ilimweka mbele: Perot 39 kwa 100, raisi George Bush 31, Bill Clinton 25.

Halafu akafanya kosa. Mwezi wa saba akajitoa, na tarehe 1 mwezi wa kumi akarudi. Aliporudi alinunua nusu saa nzima za televisheni, siyo mara moja, akakaa mbele ya kamera na karatasi za michoro mkononi, akieleza madeni ya serikali kama mwalimu wa hesabu. Watu zaidi ya milioni 16 waliangalia kile cha kwanza. Leo mtu anayejirekodi akizungumza saa nzima kwenye YouTube anafuata njia ile ile, tofauti ni kwamba Perot alilipa kila dakika.

Siku ya kura alipata 18,9 kwa 100, yaani kura zaidi ya milioni 19. Karibu mpiga kura mmoja kati ya watano. Na katika hesabu inayomchagua raisi alipata sifuri.

Namna gani? Raisi wa Marekani hachaguliwi moja kwa moja kwa jumla ya kura za nchi. Anachaguliwa na wachaguzi wakubwa 538 wanaogawanywa kwa majimbo, na anayetaka kushinda lazima apate 270. Karibu majimbo yote yana desturi moja: anayeongoza katika jimbo, hata kwa kura moja, anabeba wachaguzi wote wa jimbo lile. Perot alikuwa na watu kila mahali lakini hakuongoza mahali popote. Ni sawa na kijiji kinachogawa mbuzi mzima kwa aliyefika wa kwanza katika kila avenue. Yeye alifika wa pili au wa tatu katika avenue zote, akarudi nyumbani bila hata mfupa.

Bunge nalo liko vile vile. Eneo moja, mbunge mmoja, mwenye kura nyingi anachukua kiti. Mfaransa Maurice Duverger alieleza jambo hilo katika kitabu chake juu ya vyama vya siasa cha mwaka 1951, na wanaosoma siasa kwenye vyuo vikuu vya Kongo wanalijua jina lake: palipo na kiti kimoja na awamu moja ya kura, vyama vinaelekea kubaki viwili, sababu mpiga kura anaogopa kupoteza kura yake kwa mtu asiyeweza kushinda.

Huku Kongo hali ni kinyume, na ndiyo maana msomaji wa huku anaweza kushangaa. Vyama vilivyoandikishwa ni mamia. Kwa wabunge wa taifa, miji na teritware nyingi zina viti vingi vinavyogawanywa kwa orodha, kwa hiyo hata chama kidogo kinaweza kujiunga na muungano, kuvuka kizingiti cha 1 kwa 100 ya kura za nchi, na kupata kiti chake kimoja au viwili. Kisha kiti hicho kinakuwa kitu cha kuzungumzia pale serikali inapoundwa. Marekani chama kidogo hakipati hata kile kiti cha kuanzia mazungumzo. Kwa upande wa raisi, lakini, nchi mbili hizi zimekaribiana tangu Kongo ilipofuta awamu ya pili mwaka 2011: anayeongoza, hata akiwa mbali na nusu, ndiye raisi.

Hofu ya mwaka 2000

Wamarekani hawana haja ya kumsoma Duverger. Wanakumbuka Florida. Mwaka 2000 George W. Bush, mtoto wa yule wa kwanza, alishinda jimbo hilo kwa tofauti ya kura 537 tu, na kwa jimbo hilo akapata uraisi. Katika Florida hiyo hiyo Ralph Nader wa chama cha Kijani, mtu aliyejulikana miaka mingi kwa kutetea wanunuzi dhidi ya kampuni kubwa, alikuwa amepata kura zaidi ya 97 000. Wengi wa upande wa Democrat walisema, na hadi leo wanasema, kwamba Nader ndiye aliyempa Bush nchi. Yeye amekataa lawama hiyo siku zote, na kwa haki alikuwa huru kugombea. Lakini hofu ilikwisha kuingia. Kila anayejitokeza nje ya vyama viwili tangu wakati ule anaulizwa swali moja kabla hajasema ana mpango gani: unamharibia nani?

Tajiri wa kahawa aliulizwa swali hilo mapema kuliko alivyotegemea. Howard Schultz ndiye aliyeifanya Starbucks kuwa jina linalojulikana karibu dunia nzima. Mwezi wa kwanza 2019, akiwa amekwisha kuacha uongozi wa kampuni, alisema kwenye televisheni kwamba anafikiri kugombea uraisi bila chama, akiwa mtu wa katikati. Siku iliyofuata, kwenye duka la vitabu New York alipokuwa akitangaza kitabu chake, mtu alimpigia kelele akimwambia asimsaidie Trump. Kwenye mitandao watu walianza kusema wataacha kunywa kahawa ya Starbucks, ingawa kampuni haikuwa tena mikononi mwake. Mwezi wa kenda akaacha, na sababu mojawapo aliyoitoa ilikuwa ile ile: hatari ya kumrudisha Trump madarakani.

Starbucks si jina la mbali kwa Kivu. Baada ya 2010, kwa njia ya Eastern Congo Initiative, shirika lililoanzishwa na mcheza sinema Ben Affleck, kampuni hiyo ilianza kununua kahawa ya wakulima wa kando ya ziwa na kuiuza Marekani kama kahawa maalum yenye jina la Ziwa Kivu. Kabla ya kooperative kupata wanunuzi wa namna hiyo, wakulima wengi walivusha kahawa usiku kwa mitumbwi kwenda Rwanda, kwa bei ya hasara, na kuna waliozama. Duka moja la ng'ambo linapoamua kununua au kutonunua, kuna nyumba inayoezekwa mabati au isiyoezekwa huku. Jambo hilo litarudi mbele.

Aliyemwonya Schultz wazi wazi mwaka ule ni tajiri mwingine, Michael Bloomberg, mwenye kampuni ya habari za biashara inayobeba jina lake. Aliandika kwamba mgombea huru atagawa kura za wanaompinga Trump. Yeye mwenyewe aliamua kuingia kwa mlango wa Democrat kwa uchaguzi wa 2020, akatumia zaidi ya dola bilioni moja kwa miezi michache, na mahali pekee aliposhinda ni visiwa vya American Samoa. Kwa hiyo hata ndani ya chama kikubwa pesa na chombo cha habari havitoshi. Nje ya chama ni vibaya zaidi.

Sahihi za kuingia, mahakama ya kutoka

Kuna kizuizi kingine kinachokuja hata kabla ya siku ya kura, na magazeti ya ng'ambo hayakizungumzii sana sababu hakina utamu. Marekani haina CENI. Hakuna ofisi moja ya taifa inayopokea majina ya wagombea. Kila jimbo kati ya 50 lina sheria yake, tarehe yake, idadi yake ya sahihi. Mwaka 2024 mgombea huru aliyetaka jina lake lionekane kwenye karatasi ya kura ya Texas alipaswa kuleta sahihi 113 151, tena za watu ambao hawakupiga kura katika uchaguzi wa ndani wa Republican wala wa Democrat. Hizo ni sahihi za jimbo moja. Mtu anapaswa kulipa wakusanyaji, kulipa wanasheria, na vyama viwili vikubwa vina wanasheria wao wanaokagua sahihi moja baada ya nyingine wakitafuta kasoro.

Robert F. Kennedy mdogo alipita njia hiyo. Alikuwa na jina la ukoo linalojulikana na kila Mmarekani, alikuwa na vipindi virefu vya mtandaoni kama vya Joe Rogan vilivyompa wasikilizaji ambao televisheni kubwa hazikumpa, na alimchagua kama makamu wake Nicole Shanahan, mke wa zamani wa mmoja wa waanzilishi wa Google, aliyeingiza mamilioni yake. Kwa muda alikuwa na zaidi ya 10 kwa 100 katika kura za maoni. Lakini mdahalo wa CNN wa mwezi wa sita 2024 ulidai 15 kwa 100 katika kura nne za maoni, na hakuufikia. Mwezi wa nane akasimamisha kampeni yake na kumuunga mkono Trump. Hapo ikaanza kazi ya kuchekesha kidogo: yule aliyepigana mahakamani jina lake liandikwe, sasa alipigana mahakamani lifutwe katika majimbo yenye ushindani mkali. Michigan na Wisconsin zilikataa. Jina lilibaki kwenye karatasi, na mwenye jina akawa waziri wa afya wa Trump.

Musk alikuwa anayajua hayo yote? Watu wake walikuwa wanayajua, hakuna shaka. Mwisho wa mwezi wa sita 2025, wiki moja tu kabla ya kutangaza America Party, alikuwa ametoa dola milioni 5 kwa mfuko wa Republican wa Seneti na milioni 5 nyingine kwa mfuko wa Republican wa Baraza la Wawakilishi. Mtu anayejenga nyumba yake hamletei jirani mabati. Inaonekana tangazo la chama lilikuwa fimbo ya kuwatisha Republican juu ya ile sheria kubwa ya kodi na matumizi, kuliko kuwa msingi wa kitu cha kudumu.

Na fimbo ilimrudia. Jumatatu ya kwanza baada ya tangazo, hisa za Tesla zilianguka karibu 7 kwa 100. Waliowekeza pesa zao hawakutaka mkurugenzi anayezunguka nchi akitafuta sahihi.

Dukani kuko awamu ya pili

Hapa ndipo hadithi inageuka. Wamarekani wengi wanasema hawapendi chama chochote kati ya viwili, na hawana cha tatu chenye nguvu. Hasira haipotei. Inakwenda mahali ambapo kura ya mtu mmoja inahesabika siku hiyo hiyo: dukani.

Mwaka 2023 bia ya Bud Light ilimtumia mtu maarufu wa mtandaoni aliyebadili jinsia katika tangazo dogo. Watu wa upande wa kulia walikasirika, wakaacha kuinunua, na kwa miezi michache bia iliyokuwa ya kwanza Marekani kwa zaidi ya miaka 20 ikapitwa na Modelo. Mwaka huo huo maduka ya Target yalipigwa na upande huo huo, juu ya nguo za mwezi wa mashoga. Miaka miwili baadaye Target ikapigwa na upande wa pili. Mwezi wa kwanza 2025, siku chache baada ya Trump kurudi madarakani, kampuni ilitangaza kwamba inaacha malengo yake ya kuwapa nafasi watu weusi na makundi mengine madogo. Mchungaji Jamal Bryant wa Georgia aliwaomba waamini wake na wengine wafunge Target kwa siku 40 za Kwaresima: siyo kufunga chakula, kufunga duka. Katika robo ya kwanza ya mwaka wake wa hesabu mauzo yake yanayolinganishwa yalipungua 3,8 kwa 100, na kampuni yenyewe ilitaja hasira hiyo kati ya sababu, pamoja na wasiwasi wa uchumi na ushuru wa forodha. Mwezi wa nane mkurugenzi mkuu wake wa miaka zaidi ya kumi, Brian Cornell, alitangaza kwamba anaondoka.

Vyombo vya habari vya mtandaoni viliingia katika mchezo huo huo. Jeff Bezos, mwenye Amazon, duka kubwa la mtandaoni, alinunua gazeti la Washington Post mwaka 2013 kwa dola milioni 250. Siku chache kabla ya uchaguzi wa 2024 gazeti hilo liliamua kutomuunga mkono mgombea yeyote wa uraisi, kinyume cha desturi yake ya miaka mingi. Wasomaji karibu 250 000 walivunja abonema yao kwa siku chache tu. Wengine wakasema wataacha na Amazon pia. Waliosema hivyo ni wengi kuliko waliofanya, maana kuacha gazeti ni rahisi kuliko kuacha duka linaloleta sabuni na betri mpaka mlangoni.

Ukiziangalia hesabu hizi pamoja, zinaonyesha kitu kimoja. Kura milioni 19 za Perot hazikumwondoa mbunge hata mmoja kitini. Wanunuzi wachache sana kuliko hao wanaweza kuitikisa kampuni kwa robo ya mwaka, sababu duka linahesabu kila dola, halisubiri nani ameongoza katika jimbo. Lakini kuna kasoro kubwa. Kususia kunaweza kuadhibu, hakuwezi kuandika sheria. Tena anayesikika sana dukani ni mwenye pesa za kuchagua duka.

Kuna mahali chama kikubwa chenyewe kinapojiweka pembeni, na hapo mtu wa nje anapumua. Nebraska, mwaka 2024, Democrat hawakusimamisha mtu kwa kiti cha Seneti. Dan Osborn, fundi wa mashine aliyeongoza mgomo wa wafanyakazi kwenye kiwanda cha Kellogg's cha Omaha mwaka 2021, akagombea bila chama. Hakuwa na mtandao wake, hakuwa na mabilioni. Alipata karibu 47 kwa 100 katika jimbo ambalo Republican wamezoea kushinda bila jasho. Alishindwa, lakini fundi wa kiwanda cha chakula cha asubuhi alifika mbali kuliko wenye maduka na mitandao, sababu shindano lilikuwa la watu wawili tu. Mwaka huu 2026 anagombea tena.

Sheria ya Obama, kutoka dukani mpaka shimoni

Kwa mchimbaji wa Rubaya, Nyabibwe au Walikale mambo haya si porojo za mbali. Ile inayoitwa huku sheria ya Obama, yaani kipengele cha 1502 cha sheria ya Dodd-Frank iliyotiwa sahihi mwezi wa saba 2010, ilizaliwa haswa katika njia hizo mbili: duka na vyama viwili. Kwanza vikundi vya Marekani kama Enough Project viliwafikia wanunuzi na wanafunzi wa vyuo vikuu, vikauliza kampuni za telefone na kompyuta: koltani yenu, kasiteriti yenu, volframi yenu na dhahabu yenu vinatoka wapi, na nani anakula pesa yake? Kampuni zenye majina makubwa zinaogopa swali kama hilo likiandikwa kwenye mitandao. Halafu kipengele kikasukumwa katika Seneti na watu wa pande zote mbili, Sam Brownback wa Republican pamoja na Russ Feingold na Dick Durbin wa Democrat. Hakuna chama cha tatu kilichokuwa mezani, na hakuna Mkongomani aliyepiga kura juu yake.

Matokeo yanajulikana. Mwezi wa kenda 2010 raisi Joseph Kabila alisimamisha uchimbaji wote katika Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini na Maniema kwa miezi sita. Baada ya hapo wanunuzi wengi wa ng'ambo waliona ni rahisi kuacha madini ya Kongo kuliko kuyafuatilia. Familia za wachimbaji zilikosa karo ya shule kwa sheria iliyokusudiwa kuwalinda. Wengine wanasema pia, kwa haki, kwamba bila sheria ile mashimo mengi ya kasiteriti na koltani yangebaki mikononi mwa watu wenye silaha, na kwamba mipango ya kufunga magunia kwa tiketi ilianza kwa sababu yake. Mwezi wa nne 2017, Trump akiwa madarakani, ofisi ya Marekani inayosimamia masoko ya hisa, SEC, ilisema haitazibana tena kampuni juu ya sehemu nzito ya kazi hiyo, ile ya kuchunguza madini mpaka yalikotoka. Sheria ilibaki kwenye karatasi, meno yakapungua.

Ndivyo inavyokwenda nchi yenye milango miwili tu. Kilichofanywa na mmoja kinalegezwa na mwingine: sheria ya madini, pesa za USAID, na kesho labda mapatano yaliyosainiwa Washington tarehe 27 mwezi wa sita 2025 kati ya Kongo na Rwanda, na yale ya tarehe 4 mwezi wa 12 ambayo yalikwenda pamoja na makubaliano ya madini kati ya Kongo na Marekani. Wanaoyasimamia leo ni wa upande mmoja. Chama kidogo chenye viti kumi vya kubembelezwa, ambacho shirika la raia la Bukavu au la Goma lingeweza kukiandikia barua, hakiko.

Kinachobaki kufuatiliwa kina tarehe zake. Kampuni za Marekani zinazotumia madini hayo bado zinapaswa kuweka ripoti yao kwa SEC kila mwaka kabla ya mwisho wa mwezi wa tano, na ripoti hizo ziko wazi mtandaoni kwa yeyote mwenye mega za kutosha kuzifungua. Tarehe 3 mwezi wa 11 2026 Wamarekani watachagua wabunge wote 435 wa Baraza la Wawakilishi na karibu theluthi moja ya Seneti.